Nyumba ya Baba, Starehe ya Leo

Mama na dada wapenzi, wengi wetu hapa Kolwezi tunakaa katika nyumba ambazo hatukuzijenga sisi. Mji ulianzishwa mwaka 1937, na nyumba nyingi za cité zilijengwa na Union Minière kwa wafanyakazi wake. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, zikapita kwa ile tunayoijua kama Gécamines. Ni nyumba za matofali, zenye barza mbele, sakafu nyekundu ya simenti, na matundu ya hewa juu ya madirisha. Baba zetu walizipata kwa jasho la miaka mingi.

Leo kila mmoja anataka saloni kama ile ya televisheni. Si vibaya. Sisi pia tulitaka. Tuliweka plafon ya plastiki na madirisha mapya ya kioo, na fundi akaziba matundu yote kwa simenti ili vumbi lisiingie. Wageni walisifu sana.

Mwezi wa sita baridi ikaja, umeme ukakatika. Tukaingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto. Usiku mtoto wetu wa mwisho aliamka akitapika. Nilipotaka kusimama, kichwa kikazunguka. Tulifungua mlango, tukatoka wote nje kwenye baridi. Mungu alitusaidia. Makala yanayowaka hutoa gazi isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichozibwa gazi hiyo huua watu usingizini.

Hapo ndipo nilielewa kwamba matundu yale hayakuwa umaskini wa zamani. Hewa ya moto hupanda juu na kutokea pale. Ndiyo maana mwezi wa kumi chumba kinapoa hata bila umeme. Tuliyafungua tena, tukaweka wavu wa kuzuia mbu. Na mbabula hailali tena ndani, hata matundu yakiwa wazi. Blanketi zinatosha.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kumwita fundi, zunguka nyumba yako na ujiulize: kipi kinatusaidia, na kipi kinatutesa?

Sakafu nyekundu usiivunje. Ziba nyufa, isugue, ipake nta nyekundu. Hela ya karo ipeleke bafuni na jikoni, penye maji.

Nyaya za umeme za zamani hazikuwekwa kwa ajili ya friji, pasi na televisheni kwa pamoja. Zikaguliwe kwanza, rangi ije baadaye.

Kama paa au plafon ni ya eternit ya zamani, usiikate wala kuitoboa. Nyingi zilichanganywa na amianti, na vumbi lake linaharibu mapafu.

Barza ibaki barza. Inakinga ukuta na mvua na jua, na ndipo tunapokaa, tunaposuka nywele na kupokea wageni.

Na mapambo? Tuko katika nchi ya shaba. Sahani ya shaba iliyogongwa kwa nyundo inapendeza ukutani kuliko maua ya plastiki. Ikififia, isugue kwa ndimu na chumvi, isuuze, ikaushe. Ukipata msalaba mdogo wa shaba, mwambie mtoto kwamba mababu walitumia misalaba ya namna hiyo kama feza, kabla Wazungu hawajafika.

Tukikutana, kila mmoja atuambie kitu kimoja cha nyumba yake ambacho hatakivunja, na kwa nini.