Wasiwasi Unapogeuka Maradhi

Neno wasiwasi tumelizoea mno hata tumeacha kulisikiliza. Mtahiniwa anayesubiri matokeo ana wasiwasi. Mzazi ambaye mwanawe amechelewa kurudi nyumbani ana wasiwasi. Hata wafanyabiashara bei zinapopanda huwa na wasiwasi. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na huko lilikotoka huigiza sauti ya mnong'ono: jambo linalosemwa karibu na sikio, likarudiwa na kurudiwa. Kiswahili kililiongezea irabu na kulipanua maana, na katika kupanuka huko mnong'ono ule ukafifia. Hasara yake inawafika baadhi ya wanafunzi walio madarasani mwetu.

Yapo maradhi ya akili ambayo ni mnong'ono huo hasa. Madaktari huyaita kwa herufi tatu, OCD, nayo yana sehemu mbili. Ya kwanza ni fikra, picha au misukumo inayomvamia mtu bila hiari yake: kwamba mikono yake imechafuka, kwamba hakufunga mlango, kwamba atamdhuru ampendaye, kwamba amemkufuru Mungu. Ya pili ni vitendo anavyojilazimisha kuvitenda ili kuituliza hofu hiyo: kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga vitu, kurudia sala. Vingine hutendwa kimoyomoyo, hata aketiye naye dawati moja asijue. Nafuu apatayo ni ya muda mfupi, na nafuu hiyo ndiyo mtego, maana humfunza kwamba bila kitendo kile hakuna amani.

Maradhi haya si mageni. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliyaeleza katika kitabu chake kuhusu afya ya mwili na nafsi, na neno alilolitumia ni la mzizi uo huo wa wasiwasi. Katika Pwani yetu vilevile, anajulikana mtu mwenye wasiwasi wa udhu, atiaye udhu na kuurudia hali wenzake wamekwisha kusali.

Je, maradhi haya hutambuliwaje? Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoyathibitisha. Daktari huketi na mgonjwa, akamuuliza na kumsikiliza. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka fikra au vitendo hivyo viwe vinakula muda, tuseme zaidi ya saa 1 kwa siku, au viwe vinamletea mtu dhiki kubwa au kumharibia masomo, kazi na uhusiano wake na watu. Daktari hana budi pia kuhakikisha kwamba hali hiyo haikutokana na dawa, ulevi au ugonjwa mwingine. Baada ya hapo anaweza kutumia orodha ya maswali 10, iliyochapishwa mwaka 1989, yenye alama 0 hadi 40, ili kupima ukali wa maradhi. Orodha hiyo huuliza fikra zinachukua muda gani, zinasumbua kiasi gani, na mgonjwa anaweza kuzipinga kwa kadiri gani.

Hapa ndipo lugha inapokuwa suala la tiba. Ikiwa utambuzi hutegemea maneno, basi neno pana mno huuficha ugonjwa. Mwanafunzi akiulizwa, "Una wasiwasi?" atajibu ndiyo, kisha ataambiwa atulie. Afadhali aulizwe: Je, kuna fikra inayokurudia hata usipoitaka? Kuna jambo unalolirudia kwa kuhofia kwamba ukiliacha baya litatokea? Linakuchukua muda gani kwa siku? Maswali hayo yamo katika Kiswahili chepesi, na mwalimu yeyote anaweza kuyauliza faraghani.

Walimu wanahusika zaidi kwa sababu maradhi haya aghalabu huanza utotoni, katika ujana au mapema katika utu uzima. Mtazame mwanafunzi anayefuta mstari mmoja hadi karatasi ikachanika, asiyemaliza mtihani kwa kuwa kila swali hulisoma mara nyingi, au achelewaye darasani kwa kurudi bwenini kukagua kufuli la sanduku lake. Shuleni huitwa mzembe au mkaidi. Nyumbani husemekana ana majini. Wakati huohuo, apendaye meza safi hujitapa kwa mzaha kwamba ana OCD. Unadhifu humfurahisha mwenyewe, ilhali maradhi haya humtesa.

Wanaoteseka zaidi kimyakimya ni wale wenye fikra za aibu. Kijana anayejiwa na fikra ya kumdhuru nduguye huiogopa kwa sababu inapingana na dhamiri yake. Akimwamini mwalimu hata akamwambia, asikabidhiwe mahubiri wala fimbo.

Si kazi ya mwalimu kutoa hukumu ya ugonjwa. Kazi yake ni kutambua dalili, kuzungumza na mzazi na mshauri wa shule, na kuhimiza mtoto apelekwe hospitalini. Huduma za maradhi ya akili zipo Mathari jijini Nairobi na katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Tiba nayo ipo. Mwaka 1966, Victor Meyer alieleza jinsi wagonjwa wawili jijini London walivyosaidiwa kukikabili wanachokiogopa pasipo kutenda kile kitendo cha kujituliza. Njia hiyo, iliyoboreshwa baadaye, ndiyo msingi wa tiba ya mazungumzo hadi leo, na zipo dawa pia. Ndiyo maana kumhakikishia mgonjwa mara kwa mara kwamba "mlango umefungwa" hakumponyi. Ni kumrudisha mtegoni.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mtu atayafichuaje maradhi asiyokuwa na neno la kuyataja? Tuwape wanafunzi wetu neno hilo, kisha tuwe tayari kusikiliza watakaposema.