Topido Zilizogonga Bila Kulipuka

Jeshi la majini linapotumia siku kadhaa kulipua baruti baharini pasipo na adui, mlipa kodi ana haki ya kuuliza fedha yake inateketea kwa sababu gani. Tumeona tulijibu swali hilo kwa kisa cha Marekani, taifa ambalo wakati mmoja liliionea uchungu gharama hiyo.

Baina ya vita kuu mbili, wataalamu wake wa Newport, Rhode Island, walitengeneza topido ya nyambizi iitwayo Mark 14, pamoja na kifaa cha siri cha kuilipua. Topido moja iligharimu kiasi cha dola 10,000, hivyo hawakupenda kuziangamiza kwa majaribio. Kifaa chenyewe kilijaribiwa kwa baruti halisi mwaka 1926, mara mbili tu, dhidi ya nyambizi chakavu: topido moja ikapita chini yake, nyingine ikalipuka. Wakaridhika! Mazoezini zilitumika topido zenye kichwa kisicho na baruti, chepesi kuliko kile cha vita. Kwa maneno mengine, chombo kilichopimwa sicho kilichopelekwa vitani.

Vita na Japani vilipozuka Desemba 1941, mabaharia walijipenyeza hadi karibu na meli za adui, wakalenga, wakafyatua, na aghalabu hapakutokea kitu, isipokuwa adui kugutuka na kuanza kuwasaka. Waliporipoti, wakubwa wa idara ya silaha, waliokuwa salama nchi kavu, waliwajibu kwamba hawajui kulenga. Kwetu sisi, jibu hilo ni zito kuliko hasara ya topido zote.

Juni 1942, Admeral Charles Lockwood aliacha mabishano. Huko Albany, Australia Magharibi, alinunua wavu wa wavuvi, akautandaza baharini, kisha akaamuru topido zifyatuliwe kuuelekea. Ya kwanza, iliyopangwa kwenda futi 10 chini ya maji, ilitoboa wavu kwenye futi 25. Wavu wa samaki ulikuwa umesema kweli ambayo karakana haikuisema.

Kasoro haikuwa moja. Tarehe 24 Julai 1943, nyambizi Tinosa ilikuta meli kubwa ya mafuta ya Kijapani, Tonan Maru Na. 3. Topido mbili zilizopiga kwa mshazari zililipuka na kuisimamisha. Nahodha akajiweka ubavuni, mahali pazuri kabisa, akafyatua moja baada ya nyingine, ziligonga, hazikulipuka. Baada ya kufyatua 15 kwa jumla alibakiza moja, akairudisha Hawaii ikachunguzwe.

Huko zilifyatuliwa topido kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, na iliyokataa kulipuka ikaopolewa na wapiga mbizi. Pia vichwa vya topido viliangushwa kutoka juu, futi 90, kwenye bamba la chuma. Ikabainika kwamba pini ya kulipulia ilipinda topido ilipogonga wima. Yaani kadiri mlengaji alivyolenga vyema, ndivyo silaha ilivyomsaliti. Pini nyepesi zaidi zikatengenezwa, na tatizo likaisha, karibu miaka miwili tangu vita vianze.

Mwaka 2021, karibu na pwani ya Florida, jeshi hilohilo lililipua baruti mara tatu kando ya manowari yake mpya, Gerald R. Ford, kila mara zaidi ya tani 18, mabaharia wakiwa ndani. Kisha manowari hiyo ikapelekwa Virginia kukaguliwa na kutengenezwa.