Maji ya baridi yanavyochelewesha vifaranga vya samaki Rusizi

UKITOKA Kamembe, mji ulio juu ya Ziwa Kivu, na kuteremka hadi bonde la Bugarama, utavua koti kabla hujafika. Ziwa liko mita zipatazo 1,460 kutoka usawa wa bahari. Mashamba ya mpunga ya Bugarama yako chini zaidi kwa mamia ya mita. Wilaya ni moja, Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, lakini kwa anayetotolesha samaki hizi ni nchi mbili.

Samaki hana joto lake mwenyewe. Yai hupata joto la maji lililomo, na kiinitete kilichomo ndani hukua kwa kasi inayoruhusiwa na maji hayo.

Chukua yai la kambale. Katika nyuzi joto 28 za sentigredi huanguliwa baada ya saa 22 hivi. Katika nyuzi 24 ni saa 29. Maji yakishuka hadi nyuzi 20, subiri saa 57, yaani zaidi ya siku mbili. Asikudanganye mtu kwamba nyuzi nne si kitu!

Tena kuchelewa si suala la subira tu. Kuvu huota kwenye mayai yaliyokufa, na kadiri saa zinavyosonga ndivyo inavyopata nafasi ya kuyavamia mazima. Mfugaji asiyelijua hili atamlaumu jike bure.

Joto likizidi nalo ni balaa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo wakati kiinitete kinaihitaji zaidi, na baadhi ya vifaranga hutoka na migongo iliyopinda.

Tilapia jike huatamia mayai mdomoni, lakini mdomo huo hauna moto. Maji yakiwa chini ya nyuzi 20 hivi, hatagi kabisa.

Ziwa lenyewe si baridi kama wengi wanavyodhani. Sambaza waliletwa kutoka Tanganyika, ziwa lililo chini zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, kwa kuwa maji ya juu ya Kivu hukaa kwenye nyuzi 23 hadi 25. Shida iko kwenye bwawa la kina kifupi mlimani, linalopoa usiku kucha.

Mwenye bwawa hilo anunue kipimajoto, apime alfajiri na alasiri. Na asifungulie maji ya kijito asubuhi mayai yakiwa bado hayajaanguliwa.