Si Kila Nyuki Hukaa Mzingani

Wakulima wengi humjua nyuki kwa mambo mawili: utamu wa asali yake na uchungu wa mwiba wake. Lakini huyo ni nyuki wa aina moja tu. Katika nchi ya Kenya ziko aina nyingi, na kila aina ina nyumba yake. Asiyezijua nyumba hizo huweza kuzibomoa bila kukusudia, kisha akastaajabu kuona mimea yake yatoa maua mengi na matunda machache.

Nyuki wa asali hupenda mahali pakavu penye giza na mlango mdogo. Porini hukaa ndani ya mti wenye uwazi, katika ufa wa mwamba, au katika kichuguu ambacho mchwa wamekihama. Humo huning'iniza masega ya nta, na maelfu yao huishi pamoja na malkia mmoja. Ndiyo sababu Wakamba huchonga magogo na kuyatundika mitini: mzinga huo wafanana na nyumba ambayo nyuki angeichagua mwenyewe.

Katika msitu wa Kakamega wako nyuki wadogo wasio na mwiba. Wengi wao hukaa ndani ya miti, wengine katika nyufa za kuta za udongo, na wako wajengao chini ya ardhi. Asali yao hawaiweki katika masega, bali katika vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti.

Tena wako nyuki wasio na malkia wala mzinga, ambao kila jike hujijengea peke yake. Yule mkubwa mweusi, mwenye mvumo wa kutisha, hutoboa miti mikavu na boriti za nyumba. Hali mbao, hutafuta chumba cha kulelea watoto tu. Mwingine hukata vipande vya majani kwa umbo la duara, akajengea navyo ndani ya bua lenye uwazi. Wengine huchimba vishimo vyembamba katika ardhi kavu, kando ya njia na mipakani mwa shamba.

Hao wasiotupa asali wana kazi kubwa. Ua la biringanya huuficha unga wake ndani ya vifuko vyenye tundu ndogo nchani, na nyuki wa asali hajui kuutikisa. Nyuki mkubwa mweusi hulishika ua, akalitetemesha kwa mvumo wake, na unga ukamwagika. Huko Nguruman, katika Kajiado, wataalamu waliona kwamba nyuki wa mwituni ndio wafanyao kazi hiyo, nao huhitaji maua ya vichaka vya jirani kwa chakula. Pasheni za manjano pia humtegemea sana nyuki huyo mweusi.

Basi mkulima afanyeje? Asichome mti wenye uwazi kwa ajili ya asali ya siku moja. Aache ukanda usiolimwa mpakani mwa shamba. Boriti za nyumba azipake rangi, na gogo kavu aliache kando ya shamba, ili yule mweusi apate pa kutoboa. Akilazimika kunyunyiza dawa ya wadudu, angoje jioni, nyuki wakiisha kurudi kwao. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi, na faida yake itaonekana wakati wa kuvuna.