Kwa Nini ni Vigumu Kuhamisha Kundi la Simu

Katika mashamba mengi ya settlement siku hizi, habari za kazi hupita katika simu. Katibu wa chama cha maziwa akitaka kuwaambia wenziwe kwamba lori litachelewa, au daktari wa mifugo akitaka ng'ombe waletwe joshoni kesho asubuhi kwa chanjo, huandika mara moja katika kundi la WhatsApp, na wanachama husoma. Kazi iliyokuwa ikimchukua mtu siku nzima kwa baiskeli sasa huisha kwa dakika moja.

Lakini mara nyingine mtu husimama mkutanoni akasema, "Na tuiache WhatsApp, tuhamie programu nyingine iliyo bora." Wote hupiga makofi. Baada ya mwezi mmoja, wachache wamehama, wengine wako huku na huko, na wengine hawakuondoka kabisa. Tangazo la chanjo likiandikwa upande mmoja tu, ng'ombe wa upande wa pili hubaki nyumbani. Ugonjwa wa miguu na midomo hauulizi mwenye ng'ombe alikuwa katika kundi gani. Kwa hiyo yafaa kila mkulima aelewe sababu za ugumu huu, kwa maana si uvivu wala ujinga.

Thamani yake ni watu

Jembe lina faida hata kama ni wewe peke yako mwenye jembe katika kijiji kizima. Programu ya kupelekeana habari si kama jembe. Ni kama soko. Muuzaji wa viazi hapeleki magunia yake mahali pasipo wanunuzi, na mnunuzi haendi mahali pasipo viazi. Soko jipya laweza kujengwa, lenye paa na maji, na bado watu wakaendelea kuuziana kando ya barabara pale walipozoea, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Watu 2 wakiwa na programu moja, kuna njia 1 tu ya kuzungumza kati yao. Watu 10 wana njia 45. Watu 40 wana njia 780. Sasa tuseme watu 10 kati ya hao 40 wamehamia programu nyingine na kuiacha ya kwanza. Wale 30 waliobaki wana njia 435, na wale 10 wana njia 45. Jumla yake ni 480. Njia 300 zimekatika, ingawa hakuna simu hata moja iliyoharibika.

Tena angalia ni nani mwenye hasara kubwa. Aliyebaki alikuwa na wenzake 39 wa kuzungumza nao, na sasa anao 29. Aliyehama anao 9 tu. Na yule wa kwanza kabisa kuhama, siku ile ya kwanza hakuwa na mtu hata mmoja. Ndiyo sababu kila mtu husema, "Nitahama wengine wakihama," na wote wakabaki palepale.

Mambo ya mwaka 2021

Jambo hili lilionekana duniani kote mwaka 2021. WhatsApp, ambayo ilinunuliwa na kampuni ya Facebook mwaka 2014, iliwatangazia watu masharti mapya juu ya habari zao, na kuwataka wayakubali kabla ya tarehe 8 Februari. Wengi waliogopa kwamba barua zao zitasomwa. Kampuni ilieleza kwamba mazungumzo ya mtu na mtu yalikuwa bado yamefungwa, kama yalivyofungwa tangu mwaka 2016, na kwamba mabadiliko yalihusu mazungumzo na wafanya biashara. Tarehe ikasogezwa mbele hadi 15 Mei.

Hata hivyo watu wengi walikimbilia programu za Telegram na Signal. Katika mwezi wa Januari, Telegram ilitangaza kwamba imepata watu wapya milioni 25 katika saa 72. Mtu angedhani WhatsApp imekwisha. Lakini WhatsApp, iliyokuwa na watu bilioni 2 mwaka 2020, ilipita bilioni 3 kufikia mwaka 2025. Kuweka programu mpya ni kazi ya dakika chache. Kuifuta ya zamani ni jambo jingine, ikiwa mama, shemeji, mwalimu wa watoto na mweka hazina wa chama wangali humo.

Sababu nyingine

Mbali na watu, kuna mambo mengine yanayomzuia mkulima:

(1) Kumbukumbu. Picha za risiti, hesabu za maziwa na maazimio ya mkutano yako katika kundi la zamani, wala hayahami yenyewe.

(2) Gharama. Programu mpya yataka bando na nafasi katika simu. Simu iliyojaa picha haina nafasi.

(3) Mazoea. Mzee aliyefundishwa na mjukuu wake kubonyeza mahali pamoja na kusema kwa sauti hapendi kuanza upya. Tena mjukuu huenda amerudi shuleni.

Kwa nini simu ya kawaida si hivyo

Huenda mtu akauliza: mbona mwenye laini ya Safaricom humpigia mwenye laini ya Airtel bila shida? Tena tangu mwaka 2011 Mkenya aweza kubadili kampuni ya simu na kubaki na namba yake ileile. Sababu ni kwamba kampuni za simu hupitishiana simu na ujumbe wa SMS. Mwenye WhatsApp hawezi kumwandikia mwenye Telegram hivyo, kwa kuwa kila programu ina uzio wake.

Hata simu za waya zilikuwa na uzio zamani. Huko Marekani, hataza za kampuni ya Bell zilipokwisha mwaka 1893 na 1894, kampuni nyingine nyingi zilianzishwa. Katika miji mingi kampuni mbili hazikuunganishwa, na mwenye duka ilimbidi kuwa na simu mbili ili asipoteze wateja. Mwaka 1913 kampuni kubwa, AT&T, ilikubali kuwafungulia wengine waya zake za safari ndefu. Katika Ulaya, sheria ya mwaka 2022 inawalazimisha wenye programu kubwa kuzifungulia mlango programu nyingine zikiomba, na wajibu huo ulianza Machi 2024. Sheria hiyo ni ya nchi za Umoja wa Ulaya tu. Sisi huku hatuna budi kupanga wenyewe.

Mkitaka kuhama, hameni pamoja

Kwa kuwa hasara humpata anayehama peke yake, dawa ni kuhama wote kwa siku moja. Fuateni mambo haya:

1. Shaurianeni kwanza mkutanoni. Kama hakuna sababu kubwa ya kuhama, bakini mlipo.

2. Chagueni siku moja inayojulikana na wote, kama siku ya malipo ya maziwa. Kabla ya siku hiyo, vijana wawasaidie wazee kuweka programu mpya na kuijaribu.

3. Kwa muda wa majuma mawili, katibu aandike kila tangazo katika makundi yote mawili. Muda huo usizidi, kwa maana watu wakizoea mawili hawatahama kamwe.

4. Muda ukiisha, fungeni kundi la zamani ili viongozi pekee waweze kuandika humo. Tangazo la mwisho lieleze kundi jipya liko wapi.

5. Hesabu na maazimio yaandikwe katika daftari la chama kabla ya kuhama.

6. Namba za simu za wanachama wote ziandikwe katika daftari hilo pia, pamoja na wale wenye simu ndogo za mabatani ambao hawamo katika kundi lolote. Matangazo ya magonjwa ya mifugo yapelekwe kwa SMS vilevile, kwa kuwa SMS hufika katika kila simu.

Shauri hili la mwisho lawafaa hata wasiotaka kuhama. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp ilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, kuanzia jioni kwa saa zetu hadi baada ya usiku wa manane. Siku hiyo, mwenye namba za wenzake aliweza kuwapigia. Aliyetegemea kundi peke yake alinyamaza.

Kabla ya mkutano wenu ujao, mwulize katibu swali moja: WhatsApp ikizimika usiku huu, na chanjo ni kesho asubuhi, sisi tutajuaje? Kama jibu halimo katika daftari la chama, kazi ianze hapo.