Gogo la Ufukoni na Rangi ya Majivu

Baada ya mvua za masika, mtu apitaye ufukoni kaskazini ya Bagamoyo, karibu na mlango wa mto Ruvu, huyakuta magogo yaliyolazwa mchangani na maji ya bamvua. Mwokota kuni huyatazama kwa jicho lake. Mpiga picha naye ana lake. Asubuhi moja niliyapiga picha kwa filamu nyeusi na nyeupe. Picha ziliposafishwa, zote zilikuwa majivu matupu: mchanga majivu, gogo majivu, mbingu majivu. Kamera haikuwa na ila. Kosa lilikuwa langu.

Kipimamwanga hakijui kama kimeelekezwa kwenye makaa au kwenye chokaa. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kitu kilicho mbele yake hurudisha mwanga wa wastani, ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mchanga mkavu mweupe hurudisha zaidi sana. Kipimo changu kilisema f/16, nami nikatii. Nilipaswa kulifungua tundu la lenzi hadi f/11, na pengine f/8. Kila hatua huongeza mwanga maradufu. Basi, kama f/8 ndiyo iliyofaa, filamu yangu ilipata robo tu ya haki yake.

Katika filamu mna chembe ndogo mno za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwanga ukiigusa chembe, atomi chache za fedha hujitenga, wala jicho halioni kitu. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa kuwa fedha halisi, ambayo hapo huonekana nyeusi. Dawa ya pili, thiosalfeti ya sodiamu, huziyeyusha zilizosalia. Penye mwanga haba fedha ni chache, na mikunjo ya gogo hupotea. Hasara hiyo haiponywi na ufundi wowote wa chumba cha giza.

Lakini mbona gogo lenyewe ni la kijivu, hali mti ulikuwa wa hudhurungi? Miali ya urujuanimno ya jua huivunja lignini, ambayo ndiyo gundi ya mti. Mvua na mawimbi huisafisha, zikabaki nyuzi za selulosi zilizopauka. Matundu ya mviringo uyaonayo ni kazi ya yule mtoboaji ambaye mabaharia humkinga kwa kupaka majahazi deheni ya chokaa na shahamu. Watu humwita mdudu, ila kwa kweli ni jamaa ya chaza.

Ukijivu huo ni bahati kwa mpiga picha. Kitu cha kijivu hurudisha rangi zote karibu sawasawa, kwa hiyo kichujio chekundu hakikibadilishi sana kikilinganishwa na vilivyokizunguka. Mbingu ya buluu, kinyume chake, huwa nyeusi, na gogo hung'ara mbele yake. Kumbuka tu kwamba kichujio hula mwanga, nao lazima ulipwe. Jua nalo liwe chini, asubuhi au alasiri, ili kila ufa utupe kivuli. Saa sita mchana vivuli hujificha.

Mmarekani Edward Weston alianza kupiga picha huko Point Lobos, pwani ya California, mwaka 1929, akaendelea kurudi hapo hadi 1948, ugonjwa wa Parkinson ulipomzuia. Vitu vyake vilikuwa mizizi, miamba, mwani na magogo kama haya yetu. Kamera yake kubwa ilitoa filamu ya inchi 8 kwa 10, iliyochapishwa bila kukuzwa. Ndiyo sababu kila uzi wa mti waonekana.

Shule isiyo na kamera yaweza kuanza na ubao mpya usiopakwa rangi. Funika nusu yake kwa bati, uuache juani na mvuani kwa miezi kadhaa, kisha ufunue na kulinganisha. Ukipata kipimamwanga, kipime mwanga unaorudishwa na kila nusu saa ileile, chini ya jua lilelile, uandike tofauti kwa hatua za tundu.