Upasuaji wa Ini: Damu Izuiwayo na Damu Itolewayo

Juma lililopita tulikuwa Kakamega kwa ajili ya nikahi ya jamaa zetu. Baada ya walima tulikwenda kumzuru mama mmoja, mzazi wa watoto wanne, aliyeambiwa na matabibu kwamba ana uvimbe katika ini, na kwamba hauna budi kukatwa. Nduguze walitakiwa watoe damu kabla ya siku ya upasuaji. Tuliwakuta wameinamisha vichwa. Mmoja wao akatunong'oneza: "Sheikh, ini ni damu tupu. Likikatwa si ndiyo mwisho wake? Damu yetu itamfaa nini?"

Hofu hiyo ina asili yake. Ini hupitiwa na takriban lita moja na nusu ya damu kila dakika, na mwili mzima wa mtu una lita tano hivi tu. Lakini elimu haikulala. Mwaka 1908, James Hogarth Pringle, mpasuaji wa Glasgow, alieleza namna ya kuibana kwa vidole mishipa iingizayo damu katika ini. Hata leo hubanwa, kwa kibanio au utepe, kwa muda wa robo saa hivi, ikaachiwa dakika chache, kisha ikabanwa tena.

Kimezuka pia kifaa cha mawimbi ya sauti, ambacho ncha yake hutetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Nyama laini ya ini husagika na kufyonzwa, ilhali mishipa, iliyo migumu zaidi, hubaki wazi kama mizizi iliyooshwa udongo. Daktari huifunga mmoja mmoja kabla ya kuikata. Panapovuja, joto la umeme hugandisha damu. Moto wa kuzuia damu si jambo geni kwetu: Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliueleza katika Kitab at-Tasrif, pamoja na michoro ya vyombo vya upasuaji.

Si kila hospitali iliyo na vifaa vyote hivi. Na hata penye navyo, kazi yake ni kupunguza damu imwagikayo, havitengenezi damu. Hakuna kiwanda cha damu duniani ila mwili wa mwanadamu. Hapa Kenya, mwenye afya njema, wa umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, aweza kutoa: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4, asipokuwa mjamzito wala hanyonyeshi. Hata kundi la damu yako lisipolingana na la mgonjwa wako, litamfaa wa mwenzako, pengine mama aliye katika uzazi.

Tulipokwisha kuyasema hayo, tukaona haya kuondoka na maneno matupu. Tukakunja mkono wa kanzu, tukatangulia. Kaka yake akafuata, kisha shemeji, kisha yule aliyetunong'oneza.

Tuandikapo haya, siku ya upasuaji haijafika. Tumwombeeni dua, enyi ndugu zetu. Na atakayejaaliwa, asiishie kwenye dua.